Ng'ombe wa Kilo Ishirini na Nane

Wanangu, nasikia siku hizi kazi hii mmeipa jina refu, la kuandikwa kwenye kadi. Sisi hatukuwa na jina. Mtu akiniuliza nafanya nini pale Raskazone, nilikuwa namjibu, "Navusha watu wanaopindukapinduka." Na ndivyo ilivyokuwa mpaka nilipostaafu. Mwanasarakasi wa Tanga anataka kwenda kucheza Kenya, au wa Msumbiji anataka kuja kwetu, mie nahakikisha paspoti yake haijaisha muda, barua yake ya mwaliko ina mhuri, vifaa vyake vina orodha, na yeye mwenyewe amekula. Hilo la kula msilidharau. Mtu mwenye njaa hujibu ovyo kwenye dirisha la uhamiaji.

Niseme mapema kwamba mimi sijapinduka hata siku moja. Niliteleza bafuni mara moja, lakini hiyo haihesabiki. Nilikuwa mpiga chapa wa shule, nina vidole vyepesi na subira ya kukaa kwenye benchi za ofisi za watu. Aliyeniita kwenye kazi hii ni Mzee Semkiwa, Mshambaa wa Lushoto, aliyekuwa wakala wa forodha bandarini kwa miaka mingi kabla hajaingia kwenye mambo ya sarakasi. Alikuwa mfupi, mkimya, na alivaa tai hata akienda kununua samaki. Alikodi chumba cha ghorofani kwenye moja ya zile nyumba za zamani zenye madirisha marefu, akaweka meza mbili, akaning'iniza kibao mlangoni kwamba hapa wanahudumiwa wasanii wa sarakasi na maonyesho ya nje.

Kile kibao kilitusumbua. Kila wiki mtu alipanda ngazi kuuliza simba yuko wapi. Namwambia, "Baba, sarakasi ya siku hizi haina wanyama. Ni watu wenyewe wanaoruka." Anashuka amenuna. Bwana mmoja wa bajaji alitaka kutuuzia nyani, akasema ana nidhamu kuliko wapwa zake. Nikamweleza hatuhitaji. Tulifanya kazi miaka yote hiyo bila kuwa na mnyama hata paka, ndiyo maana yaliyonipata baadaye yaliniuma zaidi.

Kazi ina namna zake, na mtu huzijua kwa kuharibu. Barua ya kwanza niliyoandika peke yangu ilikuwa ya kijana aliyeitwa kwenda kuonyesha mchezo wa moto nchi ya mbali. Nikaandika kwa madaha kwamba msanii huyu hula moto, huumeza, na kuutoa mdomoni akipenda. Ubalozi ukajibu kwa adabu ukiomba cheti cha daktari wa tumbo. Mzee Semkiwa alisoma majibu yale akiwa amesimama, akakaa, akayasoma tena.

"Bi Riziki," akasema, "ofisi hazijui kucheza. Andika kitu kilivyo, usiandike kinavyojifanya."

Nikaona nimeelewa. Toka siku ile milonjo, yale magongo marefu ya kutembelea, nikayaandika "fito za mbao, jozi mbili." Marungu ya kurusha na kudaka nikayaandika "chupa za plastiki zisizo na kitu." Hakuna aliyetuzuia. Nikaanza kujiona fundi. Jihadharini na siku mtakayojiona mafundi.

Sasa niwaambie habari ya Saumu na Kibwana.

Kibwana alikuwa kijana wa Mwera, kule wilaya ya Pangani, mabega mapana kama mlango, mpole, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa nachapa barua kule ghorofani, nikainua macho nikaona uso wa mtu dirishani. Akasema, "Shikamoo Bi Riziki, chai ipo?" Alikuwa juu ya milonjo. Nilimwagia chai yote barua ya watu.

Saumu alikuwa binti wa Tongoni, mwembamba, mwepesi, mwenye ulimi. Yeye huyo ndiye aliyetunga onyesho lao: ng'ombe anayekwenda buchani na kikapu kununua maini. Ng'ombe walimtengeneza pale uani kwetu. Mifupa yake ilikuwa fito za mianzi, ngozi ni turubai lililopakwa rangi, kope za nyuzi za ufagio, na mkia wa katani safi ya Tanga aliousuka Saumu kwa mkono wake. Ndani waliingia watu wawili. Saumu alikuwa kichwa na miguu ya mbele. Kibwana alikuwa nyuma.

Mwisho wa mchezo ng'ombe alipanda juu ya pipa, akasimama kwa miguu miwili na kucheza ngoma. Hapo watu walipagawa. Ndani yake, Kibwana alikuwa amembeba Saumu mabegani na fito zote juu. Kisha ng'ombe anashuka, Saumu anachomoka shingoni, anainama kwa watazamaji, anapigiwa makofi. Kibwana anabaki ndani ameshika fito, kwa sababu akitoka, ng'ombe anaporomoka. Watu wengi waliondoka wakidhani mle ndani alikuwamo Saumu peke yake.

Kibwana alivumilia, kisha siku moja akapanda ngazi mpaka mezani kwangu akakaa.

"Bi Riziki, mwaka wa tatu huu mimi ni makalio," akasema. "Mama yangu alikuja kututazama tulipocheza Pangani mjini. Akakaa mpaka mwisho. Akarudi nyumbani kuwauliza watu kwa nini mie sikutokea."

Sikujua nicheke au nimshike mkono. Nikamwita Saumu. Naye akasema, "Kichwa kina kazi, Bi Riziki. Kuna masikio ya kuvuta, kuna kope, kuna kutafuna. Yeye anatembea tu."

Neno lile "tu" ndilo lililoharibu. Kuanzia hapo hawakusemezana. Na fikirini wenyewe, wanangu, ng'ombe ambaye mbele na nyuma hawasemezani. Kwenye mazoezi mbele ikienda kushoto nyuma inakwenda kulia, ng'ombe anarefuka kama mjusi. Mie nimesimama kati uani pale, napeleka salamu. "Saumu anasema upunguze hatua." "Mwambie azipunguze yeye."

Ugomvi ule ulikuja wakati mbaya. Tulikuwa tumepata mwaliko wa Bi Mejumaa, mama wa Kidigo wa Msambweni, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akiandaa maonyesho ya uwanjani. Na pale Msambweni angekuwepo mama mmoja kutoka Maputo, mwalimu wa sarakasi, aliyekuwa ametuandikia kwamba akiwaona na akaridhika, atawachukua wote wawili miezi mitatu, wafundishwe na wafundishe. Wote wawili, au asiwachukue. Onyesho lilikuwa saa kumi jioni. Kibwana akaniambia, "Hii nakwenda kwa heshima yako. Nikirudi nashika jembe Mwera."

Wiki ile ile Mzee Semkiwa alifiwa, akapanda Lushoto mazikoni. Orodha ya vifaa nikaiandika peke yangu. Naapa sikuwa na haraka wala homa. Ila nilikuwa nimemzoea ng'ombe yule. Majuma sita ya mazoezi ya safari ile nilimpita uani kila asubuhi, na siku nyingine nilimsalimia. Nikaandika hivi: "Ng'ombe mmoja, mkubwa, madoa ya kahawia. Kilo ishirini na nane. Anakunjika."

Nikaona nimeandika vizuri, hasa pale kwenye "anakunjika."

Tulifika mpakani saa nne asubuhi, kwenye Noah ya kukodi, ng'ombe amekunjwa na kufungwa juu ya keria. Paspoti zilipita bila neno. Bwana wa forodha akaisoma orodha yetu, akaigonga mhuri wa kupokelewa, akanirudishia akisema kwa upole, "Mama, hapa kuna ng'ombe. Peleka dawati la mifugo."

Hakukosea. Karatasi ikisema ng'ombe, inakwenda kwa bwana mifugo. Aliyekosea ni mie, nikaichukua karatasi nikaenda.

Bwana mifugo alikuwa kijana mwenye miwani, shati limepigwa pasi, buti za mpira. Akasimama kunipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Kibali cha kusafirisha mnyama kiko wapi?"

"Hatuna, kwa sababu si ng'ombe."

Akatazama karatasi. "Hapa pameandikwa ng'ombe."

"Pameandikwa, ndiyo."

"Aliandika nani?"

"Mie."

Akasoma tena, taratibu, kidole chini ya kila neno. "Ng'ombe mkubwa. Kilo ishirini na nane." Akanitazama kwa huruma. "Mama, huyu anaumwa."

"Haumwi, baba."

"Na anakunjika."

"Anakunjika."

"Anakunjika vipi?"

"Kama mwavuli."

Akavua miwani akaifuta kwa shati. Nikaona usoni mwake kwamba hafikirii utani. Alikuwa anamwona ndama amekondeana, amefungwa ndani ya gunia. Akaniambia hakatai kuniamini, lakini majuzi mtu alipita na mbuzi sita kwenye gari la abiria, akasema ni wageni wa harusi. "Toka hapo siamini mdomo, mama. Naamini karatasi. Na karatasi yako inasema ng'ombe."

Nilitamani kuchukua kalamu nilifute neno lile. Lakini kwanza nikampigia simu Mzee Semkiwa. Alipokea akinong'ona, nyuma yake nasikia watu wanaimba kwaya.

"Umefuta?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza, baada ya kunisikiliza.

"Bado."

"Usifute. Karatasi iliyofutwa ni mbaya kuliko karatasi yenye ng'ombe. Nisikilize, Bi Riziki. Usimwombe mtu wa ofisi akuamini. Mwombe aende akatazame, halafu aandike alichokiona. Hilo hawezi kukataa, ndiyo kazi yake." Kisha akauliza, "Kilo ngapi umeandika?"

Nikamtajia. Nikasikia kikohozi kirefu, na mtu kando yake akimwambia pole mzee, Mungu atakupa nguvu.

Shikeni neno hilo la Mzee Semkiwa. Limenivusha mipaka mingi kuliko mhuri wowote.

Nikarudi kwa bwana mifugo nikamwambia, "Baba, nakuomba umkague."

Uso wake ukafunguka. "Hilo tunaweza," akasema. Akachukua ubao wake wa kuandikia, akatupeleka kwenye ua wa mifugo. Kulikuwa na mbuzi kadhaa wakisubiri wenye mali wamalize karatasi zao. Tukamshusha ng'ombe, tukamkunjua. Bwana mifugo akamtazama akiwa amelala chini, hana kitu ndani.

"Kwa utaratibu," akasema, "mnyama hukaguliwa akiwa amesimama, na akitembea."

Basi vijana waingie. Na hapo Kibwana akaingia mbele.

Saumu akanigeukia. "Bi Riziki, mwambie huko si kwake."

"Mwambie leo ndiyo kwangu," sauti ikatoka shingoni.

Ilikuwa karibu saa sita. "Ingieni tu," nikasema, "awe mbele yeyote. Saa kumi hazitusubiri." Saumu akabana midomo, akainua turubai, akaingia nyuma.

Ng'ombe akainuka. Masikini Kibwana hajawahi kuona kupitia tundu la mdomo, na hatua zake ni mbili za Saumu. Ng'ombe akaondoka kama anayefukuzwa na deni, akaupiga kichwa ubao wa tangazo la ugonjwa wa miguu na midomo. Akarudi nyuma, akamkanyaga mbuzi. Mbuzi wale, ambao mpaka hapo walikuwa wametulia, wakanusa katani.

"Kibwana," sauti ya Saumu ikasikika kutoka nyuma ya ng'ombe, na ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina baada ya wiki nzima. "Kuna kitu kinanivuta."

"Ndivyo kulivyo huko."

"Kinatafuna."

"Vumilia. Wewe si unatembea tu."

Mbuzi wa pili akaja kumsaidia wa kwanza. Ng'ombe akatoka mbio kuzunguka ua, mbuzi wanne wanamfuata mkiani, mmoja amening'inia, na mie nyuma yao na kanga yangu nawafukuza. Madereva wa malori wakashuka kutazama. Wasafiri wakaacha foleni. Nyuma ya sote alikuja bwana mifugo na ubao wake, hakimbii, hacheki, anaandika.

Walipochoka wote, ng'ombe na mbuzi, akasogea mbele. "Msimame," akasema. Akamzunguka. Akamgonga ubavu, akasikiliza. Akainua kwato akaona raba za michezo, akaandika. Kisha akaja mbele, akashika taya ya juu na ya chini, akaufungua mdomo wa ng'ombe akachungulia.

Ndani ulikuwamo uso wa Kibwana, umelowa jasho.

"Habari za kazi," akasema Kibwana.

"Nzuri," akajibu bwana mifugo. Akaufunga mdomo polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Akaenda mezani kwake. Tulimsubiri nusu saa nzima, kwa sababu aliandika kwa mkono, akachana, akaandika upya. Alipotoka alisimama wima akatusomea.

"Nimemkagua ng'ombe aliyetajwa kwenye orodha hii. Ametembea na kukimbia. Ndani yake wamo vijana wawili, wote wana paspoti. Mkia umeliwa na mbuzi katika ukaguzi. Nathibitisha kwamba ng'ombe huyu si ng'ombe."

Akagonga mhuri. Nimeshika karatasi nyingi maishani, wanangu, cheti changu cha ndoa kikiwemo. Sijapata kushika nyingine iliyonipa raha namna ile.

Tulitoka pale saa saba na nusu. Ndani ya gari mie nimekaa mbele na dereva, wao nyuma, kila mmoja na dirisha lake. Tulikwenda kitambo hivi, ndipo Saumu akasema, na safari hii hakunituma mimi.

"Kibwana. Kule nyuma huoni kitu kabisa?"

"Sioni."

"Unajuaje pa kukanyaga?"

"Nahesabu hatua zako."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Saumu akageukia dirisha lake. Sikugeuka kumtazama. Dereva akataka kufungua redio, nikamzuia mkono.

Tulifika Msambweni uwanja umejaa. Bi Mejumaa alitupokea na kahawa mkononi, akamwona ng'ombe, akauliza mkia uko wapi. Nikamwambia ni habari ndefu. Mama wa Maputo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa kwanza, mnene, miguu peku, uso hauonyeshi kitu.

Kibwana akaingia nyuma bila kuambiwa. Nikajua anataka amalize kazi yake vizuri ndipo aende zake. Na walicheza, walahi walicheza. Sijapata kumwona ng'ombe yule akitembea vile. Alikwenda kwa mwenye bucha wa kweli aliyekuwa amesimama pembeni na aproni yake, akamwonyesha kikapu, akamnong'oneza. Yule bwana akakimbia mpaka barabarani. Ng'ombe akapanda pipa, akasimama kwa miguu miwili, akacheza kiuno kisicho na mkia. Watu wakawa wanapigana mabega.

Kisha akashuka, Saumu akachomoka shingoni kama kawaida. Makofi. Nikamngojea ainame.

Hakuinama. Aligeuka, akazunguka mpaka nyuma, akainua turubai la makalio, akaingiza mkono na kuvuta. Kibwana anapinga, tunaona turubai linavutana. "Toka," akasema Saumu. "Ataanguka," sauti ikajibu kutoka ndani. "Na aanguke."

Akamtoa. Na kweli ng'ombe akaporomoka chini, fito zikapiga kelele, kichwa kikabingirika mpaka kwenye miguu ya mama wa Maputo.

Kibwana alisimama kwenye jua anapepesa macho, kifua wazi, nyuzi za katani kwenye nywele. Makofi yakapanda. Akageuka kutazama nyuma yake nani anapigiwa. Hakukuwa na mtu. Saumu akamnong'oneza, "Inama." Na kwa mazoea ya miaka mitatu, maskini, akawapa watu mgongo ndipo akainama.

Uwanja ule ulicheka mpaka nikaogopa. Mama wa Maputo alimshika Bi Mejumaa bega asianguke kwenye kiti. Alipopata pumzi akaniita kwa mkono, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Wote. Na ng'ombe." Kibwana alipoambiwa hakusema habari ya jembe. Aliomba simu yangu, akampigia mama yake Mwera, akaongea naye amegeukia ukuta, nikaona mabega yanatikisika.

Walikwenda Maputo, wakakaa zaidi ya miezi mitatu, na siku hizi wana kundi lao. Barua zao wanaandika wenyewe. Mzee Semkiwa aliporudi kutoka mazikoni aliniomba ile karatasi ya bwana mifugo, akaisoma amekaa, akaiweka kwenye faili pamoja na vibali vingine, kwa tarehe, kama kawaida yake. Hakunigombeza. Alinunua korosho akaweka mezani kwangu akatoka. Nyinyi sasa mnajaza kila kitu kwenye simu, na mashine inawapa majibu ya kuchagua. Mimi nawaambia, mashine nayo ni dawati, na nyuma ya dawati yumo mtu. Mkikwama, mtafuteni huyo mtu, mumwombe aje atazame.

Lakini nilikuwa sijawamalizia safari.

Kesho yake tulirudi kwa mpaka ule ule. Nimeshaikunjua karatasi yangu ya thamani tayari, nikasikia, "Shikamoo mama." Ni bwana mifugo, safari hii hana buti, amevaa kanzu. Nyuma yake amesimama mwanamke amejitanda kanga, ana mabinti wawili wadogo, na macho ya mtu aliyetoka nyumbani kwa shingo upande.

"Leo siko kazini, mama," akasema, akiangalia viatu vyake. "Ni mke wangu. Haniamini."

"Karibu, mwanangu," nikamwambia mke. "Huamini nini?"

Mke akashusha pumzi. "Mama, mume wangu hanywi, halewi, swala tano zote anaswali. Jana amerudi kutoka kazini, ameketi kitandani, ananiambia amefungua mdomo wa ng'ombe na ng'ombe amemwuliza habari za kazi. Nimemwambia amechoka, aombe likizo."

Nikageuka kuwatazama vijana wangu. Walikuwa hoi, na dereva alishaanza kutazama saa. Nilitaka kuomba radhi kwa niaba yao. Lakini wawili wale walikwishapanda juu ya keria, wanafungua kamba. Wakamshusha ng'ombe, wakampeleka nyuma ya gari. Tukasikia minong'ono, fito zinagongana, mtu akacheka, mwingine akamwambia nyamaza.

Ng'ombe akatokea. Alikuja polepole, hana mkia, kope moja imedondoka, hatua zake zimelingana kama za mtu mmoja. Akawanusa mabinti, mmoja akajificha nyuma ya kanga ya mama yake, mwingine akamshika pembe. Kisha akamwendea yule mama, akasimama mbele yake, akafungua mdomo.

Mke wa bwana mifugo akainama akachungulia. Alitazama muda mrefu. Mie nilikuwa upande wa pili, sikuona aliyekuwamo, na hadi leo sijui siku ile mbele alikuwa nani na nyuma alikuwa nani. Sikuuliza.

Yule mama akajiinua, akarekebisha kanga yake begani, akamgeukia mumewe.

"Haya, nimeamini," akamwambia. "Lakini likizo omba."